Uwiano sahihi wa mbolea bado si mchanganyiko sare

Mchanganyiko sare, katika mfumo unaolisha mimea wenyewe kwa njia ya matone, ni hali ambapo kila lita ya maji inayofika kwenye mmea ina virutubisho kwa kiasi kilekile kilichomo katika lita iliyotangulia na katika ile inayofika kwa mmea wa jirani. Maana yenyewe inaishia hapo. Kinachosumbua ni kwamba kila anayefunga pampu ya kuingizia mbolea husema mfumo wake unachanganya sawasawa, ilhali alichohakikisha ni kwamba pampu inapima sawasawa.

Pampu iliyowekwa kwenye uwiano wa 1:100 huingiza lita 1 ya mmumunyo uliokolea kwa kila lita 100 za maji, na jioni hesabu inaweza kutimia bila kasoro. Lakini pampu nyingi za aina hii huingiza mbolea kwa mapigo. Chukulia pigo moja kila baada ya sekunde 5, katika bomba ambalo maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde: mbolea itasafiri kwa mafungu yaliyoachana mita 5, na katikati yake ni maji matupu. Mafungu hayo, tuseme haki, hufifia kadiri yanavyosafiri, hasa maji yakienda kwa msukosuko. Ubaya zaidi huja maji yanapokwenda taratibu, kwa kuwa mmumunyo uliokolea una uzito kuliko maji, hivyo huzama na kutambaa chini ya bomba. Ukifika mahali bomba linapogawanyika, tawi moja huzoa mbolea nyingi na jingine huambulia kidogo. Mkulima ataona mstari mmoja wa nyanya umeungua ncha za majani na mwingine umepauka, kisha atalaumu mbegu.

Ndiyo maana mifumo iliyobuniwa vizuri huwa na tangi dogo la kuchanganyia, au kipande cha bomba chenye mapezi ya kuyapindua maji, kabla ya kihisi cha EC, yaani kifaa kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme ili kukadiria mbolea iliyomo. Kihisi kikifungwa sentimita chache tu kutoka mahali mbolea inapoingilia, namba yake hurukaruka, na kompyuta hufungua na kufunga vali kwa kufuata mruko huo. Wapo wanaoituliza kwa kuiagiza kompyuta ionyeshe wastani. Skrini hutulia kwenye 2.0, lakini maji bombani yako vilevile.

Kukoroga kwa nguvu nako hakutibu kila kitu. Naitreti ya kalsiamu ikikutana na salfeti ya magnesiamu zote zikiwa zimekolea, hutokea jasi, machicha meupe yanayoziba vitundu vya matone hata ukoroge kutwa. Ndiyo sababu ya kuwa na tangi A na tangi B, ambazo mbolea zake hukutanishwa ndani ya maji mengi tu.

Basi fundi akisema mfumo unachanganya sawasawa kwa sababu EC inasoma 2.0, hajadanganya, ametaja wastani wa mahali pamoja. Aombwe kwa upole asubiri mbolea ifike mwisho wa mistari, kisha akinge maji kwa wakati mmoja kwenye tone la kwanza na la mwisho, katika matawi mawili tofauti, na kupima kila kikombe peke yake. Namba zikikaribiana, atakuwa na haki ya kusema sawasawa.