Kubadilishana kete hakumwokoi mchezaji dhaifu

Wacheza chesi wengi huambiwa: ukikutana na aliyekuzidi pointi 200 za Elo (kipimo cha nguvu ya wachezaji), badilishana kete, yaani kila mmoja ale ya mwenzake, harakaharaka upate sare. Si kweli. Kwa hesabu ya Elo, pengo hilo humpa mkali wastani wa takriban pointi 0.76 kwa kila mchezo (ushindi ni 1, sare ni 0.5), na kete zikipungua ndipo ujuzi wake wa mwisho wa mchezo unapokuumiza zaidi.

Tazama kete zikiisha hivi: mfalme mweupe yuko mraba wa e5 (safu wima e, mstari wa 5), askari wake e4, mfalme mweusi e7, basi. Zamu ikiwa ya mweupe, ni sare. Ikiwa ya mweusi, ameshindwa. Tofauti ni zamu tu! Kwa hiyo kabla ya kutoa malkia kwa malkia, piga hesabu ya askari watakaobaki. Usipoielewa hesabu hiyo, acha malkia ubaoni.