Makohozi hupakwa rangi ya nini? Maswali kuhusu kipimo cha TB

Nimeambiwa makohozi yangu yatapakwa rangi maabara. Kwa nini?

Kwa sababu vimelea vya kifua kikuu havina rangi. Hata hadubini ikikuza mara 1,000, huwezi kuvitofautisha na takataka nyingine za makohozi. Rangi ndiyo inayovifichua.

Inafanywaje?

Mtaalamu hutandaza makohozi kidogo kwenye kioo, huyaacha yakauke, kisha hukipitisha kioo juu ya moto ili yagande. Humwagia rangi nyekundu iitwayo kaboli-fuksini na kukipasha kwa chini mpaka mvuke uanze kufuka, bila kuiacha ichemke. Kimelea cha TB kina ganda lenye nta, na joto ndilo linaloiingiza rangi ndani. Baada ya dakika kama 5 husuuza, halafu humwaga spiriti yenye asidi. Hapo vingine vyote hupauka, lakini vimelea vya TB hubaki vyekundu, kwa kuwa nta ile ile iliyoizuia rangi isiingie sasa inaizuia isitoke. Mwisho hupaka buluu. Ukichungulia unaona vijiti vyembamba vyekundu, vingine vimepinda kidogo, na nyuma yake buluu tupu.

Franz Ziehl na Friedrich Neelsen wa Ujerumani ndio walioikamilisha njia hii, muda mfupi baada ya Robert Koch kukitangaza kimelea hicho mwaka 1882.

Mbona muuguzi ameikataa sampuli yangu?

Huenda ulitema mate. Sukutua kwa maji, vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kisha kohoa kutoka kifuani, mahali pa wazi mbali na watu. Makohozi ya asubuhi ndiyo bora.

Havikuonekana. Basi sina TB?

Usiamue hivyo. Hadubini huhitaji vimelea kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja, na watoto au wanaoishi na VVU mara nyingi huwa na vichache. Ndiyo maana vituo vingi hutumia GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya kimelea. Kikohozi, homa za jioni au jasho la usiku vikiendelea, rudi kituoni.

Nimemeza dawa miezi 2, bado vinaonekana!

Rangi hushika hata vimelea vilivyokufa. Lakini pia huenda dawa hazifanyi kazi, kwa hiyo daktari ataagiza vimelea vya makohozi vioteshwe maabara na usugu wao kwa dawa upimwe. Wakati unasubiri majibu, usiache dawa hata siku moja.