Je, wajua kwa nini wakopeshaji wa nyumba Marekani wana vyama vya ngazi ya jimbo?

Mkopo wa nyumba wa Houston, jimbo la Texas, na wa New York unaweza kutolewa na kampuni ileile, kwa riba ileile. Tofauti hujitokeza mdaiwa anaposhindwa kulipa. Texas, mkopo wa kawaida wa kununulia nyumba hauhitaji kesi: mwenye nyumba anayoishi hupewa barua yenye angalau siku 20 za kulipa malimbikizo, kisha tangazo la mnada la angalau siku 21. Tangazo hilo hubandikwa mahakamani, huwekwa kwa karani wa kaunti na hutumwa kwa posta ya rejista. Mnada hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na lazima uanze ndani ya saa tatu tangu saa iliyoandikwa kwenye tangazo. New York, mkopeshaji hutoa notisi ya siku 90, kisha hufungua kesi, na kesi yenyewe mara nyingi huchukua miaka.

Sababu ni kwamba sheria za ardhi, rehani na mnada Marekani kwa sehemu kubwa hutungwa na bunge la jimbo, si Washington. Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 inamfunga mkopeshaji wa Nakuru sawa na wa Mombasa, kwa hiyo chama kimoja cha mabenki kinatosha kuongea na Bunge. Marekani kipo chama cha kitaifa, Mortgage Bankers Association, kilichoanzishwa 1914, kinachoshughulikia sheria za shirikisho. Mambo ya jimbo hubaki kwa vyama kama Texas Mortgage Bankers Association au Mortgage Bankers Association of Georgia.

Kazi kubwa ya vyama hivi ni kusoma miswada. Bunge la Texas hukaa kwa kawaida siku 140 tu kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, na maelfu ya miswada huwasilishwa katika siku hizo. Muswada wenye neno rehani, mnada, hatimiliki au mthibitishaji wa hati hupelekwa kwa mawakili wa wanachama, nao huuliza: kifungu hiki kikipita, fomu gani itabadilika, nani atabeba hasara, na kitaanza lini? Tarehe ya kuanza ina uzito wake, kwa sababu mikopo iliyoombwa chini ya sheria ya zamani huwa bado haijasainiwa.

Georgia ndiyo iliyoonyesha kwa uwazi zaidi kinachotokea kifungu kimoja kikikaa vibaya. Mwaka 2002 Gavana Roy Barnes alisaini sheria dhidi ya mikopo ya kinyonyaji, na ikaanza kutumika Oktoba 1. Lengo lilikuwa la haki kabisa: wazee walikuwa wakipoteza nyumba kwa mikopo yenye ada za kutisha. Lakini sheria iliruhusu anayenunua mkopo baadaye kudaiwa makosa ya aliyeutoa, bila kikomo kwa baadhi ya mikopo. Wakopeshaji wengi hawakai na mikopo yao. Huiuza ili wapate fedha za kukopesha tena, na mingi huunganishwa kuwa hati za uwekezaji. Januari 2003 Standard & Poor's, kampuni inayopima usalama wa hati za uwekezaji, ilitangaza kuwa haitatathmini hati zenye mikopo hiyo ya Georgia. Pasipo tathmini hakuna mnunuzi, na pasipo mnunuzi fedha hukauka. Wakopeshaji walilibana bunge, na Machi 7, 2003 sheria ikarekebishwa kwa kuwekewa kikomo cha fidia. Hata hivyo, baada ya anguko la soko la mikopo ya nyumba la 2008 ni vigumu kusema kwamba waliotunga sheria ile ya kwanza walikuwa wanaogopa kivuli.

Texas ina jambo lake lingine. Mkopo unaochukuliwa kwa dhamana ya thamani ya nyumba ambayo mtu tayari anamiliki ulikuwa umezuiwa na katiba ya jimbo hadi Januari 1, 1998. Masharti yake bado yamo ndani ya katiba. Chukua nyumba ya dola 300,000 yenye deni la dola 170,000. Madeni yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuvuka asilimia 80 ya thamani, yaani dola 240,000, kwa hiyo mwenyewe anaweza kuchukua 70,000 tu. Lazima zipite siku 12 tangu aombe au apewe notisi, lolote lililokuja mwisho, ndipo asaini. Kusaini ni katika ofisi ya mkopeshaji, wakili au kampuni ya hatimiliki, yaani inayothibitisha umiliki wa nyumba. Afisa mikopo akipeleka karatasi zisainiwe mezani jikoni kwa mteja, hata kwa nia ya kumsaidia mgonjwa, kosa hilo lisiporekebishwa ndani ya siku 60 tangu mkopeshaji aarifiwe, mkopeshaji huyo anaweza kupoteza fedha alizokopesha na riba yote. Ndiyo maana vyama huendesha mafunzo ya kuhesabu siku tu.

Ada za mkopo huu nazo zilikuwa na kikomo cha asilimia 3 ya mkopo. Kubadilisha katiba kulihitaji theluthi mbili za kila moja ya mabaraza mawili ya bunge, kisha kura ya wananchi. Novemba 2017 wapiga kura walikubali: kikomo kikashuka hadi asilimia 2, dola 1,400 kwa mkopo wetu wa 70,000, lakini gharama za tathmini ya nyumba, upimaji na bima ya hatimiliki zikatolewa nje ya hesabu. Mkopaji asome vyote viwili, kwa sababu asilimia ndogo haimaanishi bili ndogo.

Vyama pia hufundisha. Tangu sheria ya shirikisho ya 2008, afisa mikopo asiye wa benki huhitaji leseni: saa 20 za masomo, mtihani wenye alama ya kupita 75, na saa 8 za masomo kila mwaka. Jambo moja ni mwiko mikutanoni: washindani hawaruhusiwi kupatana kuhusu riba au ada, kwani Sheria ya Sherman ya 1890, sheria ya shirikisho ya kulinda ushindani wa biashara, inafanya hilo kuwa jinai.

Chama ni cha wakopeshaji. Hakimtetei mkopaji na hakiwezi kumnyang'anya mtu leseni. Anayekopa Texas na kuona jambo haliko sawa alalamike kwa mdhibiti aliyetoa leseni. Kwa kampuni nyingi zisizo benki ni Department of Savings and Mortgage Lending. Kabla ya hapo, achukue namba ya NMLS (mfumo wa taifa wa leseni za wakopeshaji) iliyo kwenye karatasi za mkopo na kuitafuta bure kwenye tovuti ya NMLS Consumer Access, aone kama leseni iko hai na kama kuna adhabu iliyowahi kutolewa.