Darasa la Uzamili Halifanani na Mwalo wa Kibirizi

Asubuhi moja ya Oktoba mwaka jana nilikuwa Kibirizi, mwalo wa kushushia samaki kando ya Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, nawangoja vijana wangu wateremshe sampuli kutoka kwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa aliinama, akachomoa samaki mmoja kwenye fungu na kuniwekea kiganjani.

"Dokta, huyu si dagaa, ni lumbu. Na leo wamejaa. Wavuvi jana hawakwenda mbali, wamevulia hapa hapa kando."

Maneno hayo yana uzito wake. Anayeitwa dagaa wa Kigoma sokoni Dar es Salaam kwa kweli ni samaki wa spishi mbili. Mmoja ni Stolothrissa tanganicae, ndagala kwa jirani zetu wa Burundi, anayependa maji ya mbali katikati ya ziwa. Wa pili ni Limnothrissa miodon, lumbu, mkubwa kidogo, ambaye huonekana zaidi karibu na nchi kavu. Samaki hao wakiwa wadogo, wanafunzi wangu huwaweka chini ya darubini na bado wanabishana. Yule mama alimtambua kwa jicho, kisha akautazama mchanganyiko wa samaki kwenye fungu na kutaja mahali nyavu ziliposhushwa. Kazi hiyo ndiyo tunayoifundisha muhula mzima chini ya jina la ikolojia ya jamii za viumbe, yaani jinsi viumbe wanavyoishi pamoja na katika mazingira yao.

Aliposikia kwamba mimi hukaa kwenye jopo la kuwasaili waombaji wa uzamili wa ikolojia, aliniuliza kama binti yake anaweza kuingia. Binti alikuwa amemaliza shahada ya kwanza ya sayansi. GPA yake, yaani wastani wa alama, ilitosha kuomba, haikutosha kushindana.

Nimekaa kwenye majopo hayo miaka tisa, na majina yanayobaki mwisho hunisikitisha kwa jinsi yanavyofanana: vijana wa mjini, wengi wao wa kiume, waliosoma shule zenye maabara. Hakuna mjumbe anayekusudia iwe hivyo. Fomu inaomba GPA, wadhamini wawili na andiko la utafiti. Andiko zuri huandikwa na mtu aliyewahi kukaa karibu na mwandishi wa maandiko. Mdhamini mwenye uzito ni yule uliyejitolea kwenye mradi wake miezi kadhaa bila malipo, na kujitolea hivyo kunataka uwe na mtu wa kukulisha. Binti huyu kila likizo alipanda treni kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, kuja kumsaidia mama yake kuanika. Miezi aliyogusa samaki wengi kuliko mtu yeyote darasani kwao, kwenye fomu ilisomeka kama miezi ya kukaa bure.

Sisi wa Kigoma tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, maana lina historia kwetu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe mtu, alifika msitu wa Gombe, hapa mkoani, Julai 1960 akiwa hana shahada. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpokea kusomea udaktari bila kuwa na shahada ya kwanza, kwa sababu Louis Leakey, mwanasayansi mashuhuri wa chimbuko la binadamu, alimsemea na kwa sababu tayari alikuwa ameyaona mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika. Kwa maoni yangu chuo kile kilitenda haki. Kilimpima kwa kile alichokiona.

Lakini itazameni Gombe hiyo hiyo mwaka 1975. Mei ya mwaka huo waasi walivuka ziwa kutoka Zaire (Kongo ya leo), wakawateka vijana wanne wa utafiti. Wote waliachiliwa baadaye, ila wanafunzi wa kigeni wakaondoka, na ilionekana kazi imekwisha. Haikwisha. Watafiti wasaidizi Watanzania, akina Hilali Matama na wenzake, wengi wao wakiwa watu wa vijiji vya jirani, waliendelea kuwafuata sokwe mtu mlimani tangu alfajiri hadi wanapolala, wakijaza fomu na kuandika maelezo. Walikuwa wakiandika kwa Kiswahili. Sehemu kubwa ya kile ambacho dunia inakijua leo kuhusu sokwe mtu wa Gombe iliandikwa kwanza kwa lugha yetu, kwa kalamu ya watu wa mkoa huu. Shahada za uzamivu zilizotokana na daftari zile ni nyingi. Kati ya walioziandika daftari, waliofungukiwa mlango kama ule wa Cambridge ni wachache mno, na hilo linaniuma.

Ndiyo maana nilianza kulishinikiza jopo letu kuhusu lugha. Usaili wote ulikuwa Kiingereza. Sipingi Kiingereza, tasnifu itaandikwa kwa lugha hiyo na mwanafunzi lazima aimudu. Ila dakika kumi za mwanzo sasa tunamuuliza mwombaji kwa Kiswahili: tueleze kitu ulichokiona mwenyewe, porini, majini au shambani, halafu tuambie unadhani kinasababishwa na nini, na ungefanyaje kujua kama umekosea. Kijana mmoja kutoka Sikonge, Tabora, ambaye kwenye karatasi alikuwa mtu wa kawaida kabisa, alitueleza jinsi nyuki wa baba yake wanavyohama mizinga miti ya miombo inapochelewa kutoa maua, akataja miti kwa majina, akasema angeanza kwa kupima mvua. Wajumbe walinyamaza. Alipogeukia Kiingereza alikwama mara mbili tatu, lakini wakati huo tulikuwa tumeshajua tunazungumza na mwanaikolojia.

Kuwaingiza wanafunzi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni nani anasimama mbele yao. Matangazo ya nafasi ya mkufunzi msaidizi, ngazi ya kwanza ya ualimu katika vyuo vikuu vya umma, hudai GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 ya shahada ya kwanza. Maana yake ni kwamba mtu aliyeyumba mwaka wa kwanza kwa kuwa ada ilichelewa, kisha akafanya uzamili na uzamivu wa kiwango cha juu, bado anafungiwa na alama alizopata akiwa na miaka ishirini. Mimi ningependa tumpime kwa kazi yake ya mwisho. Na idara isiyokuwa na mtu aliyewahi kuanika dagaa haitafikiri kuuliza maswali fulani. Kwa miaka mingi takwimu za uvuvi zimekusanywa kwa kuhesabu mzigo unaoshuka chomboni, upande wa wanaume. Akina mama wanaona saizi ya dagaa ikibadilika msimu hadi msimu, kwa sababu dagaa wadogo hukauka haraka na bei yao hushuka. Kwa ziwa ambalo maji yake yanazidi kupata joto, taarifa hiyo ni mali.

Kuna pia suala la usiku, ambalo kwenye vikao halisemwi kwa sauti. Dagaa huvuliwa kwa taa, giza linapokuwa zito, na kazi husimama mbalamwezi inapokuwa kali. Anayetaka sampuli za ziwani hulala chomboni na wanaume wageni kwake, pasipo choo. Nimeshuhudia mabinti hodari wakibadilisha mada ya utafiti kwa sababu hiyo peke yake, na msimamizi akaandika kwamba "hakupenda fildi". Sasa hatupeleki msichana mmoja peke yake, wanakwenda wawili au watatu kwa chombo kilichokodiwa na mradi, na gharama hiyo tunaiweka kwenye bajeti tangu mwanzo kama tunavyoweka mafuta ya boti.

Wenzetu Marekani wanahangaika na mchujo wa namna yao. Idara nyingi za ikolojia huko zimeacha kudai GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza, na chama chao cha wanaikolojia tangu 1996 kina programu iitwayo SEEDS, inayowashika mkono vijana wa jamii zilizoachwa nyuma wakiwa bado shahada ya kwanza. Kinachonivutia kwao ni hilo la kuanza mapema na kuwapeleka fildi kwa gharama ya programu.

Binti wa Kibirizi hakupata nafasi mwaka jana. Nilimwajiri kwenye mradi kwa malipo, apime dagaa mwaloni alfajiri vyombo vinapoingia, na mwezi huu ameomba tena akiwa na andiko lake mwenyewe. Jedwali aliloambatisha lina samaki 2,400. Pembeni ya safu ya spishi kuna masahihisho kumi na saba kwa kalamu nyekundu, dagaa kukatwa na kuandikwa lumbu. Nilipomuuliza nani aliyahakiki, akasema, "Mama. Tulikaa usiku mzima, akinirudisha kila nilipokosea."