"Nitafsirie" ni ombi la namna mbili

Bibi mmoja wa Usa River alikuja kwenye ofisi yetu ya kutafsiri, Arusha, na majibu ya maabara ya mzee wake, Kiingereza kitupu. "Naomba unitafsirie, mwanangu." Nikaandika mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Akasoma taratibu, akaikunja karatasi, akaniambia: "Haya, sasa nitafsirie."

Hakukosea. Katika Kiarabu, tafsiri ni kufafanua, kufunua maana. Ndiyo sababu vitabu vinavyoeleza aya za Qurani vinaitwa hivyo. Kugeuza maneno toka lugha moja kwenda nyingine ni tarjama, neno lenye ndugu hadi katika Kiakadi cha Mesopotamia ya kale, ambako mkalimani aliitwa targumannu. Kiswahili kinalo pia, tarjumi na mtarjumani, ila huku bara hulisikii. Tumeitwisha tafsiri mizigo yote miwili. Tazama Sura ya 1 ya sheria za Tanzania, Sheria ya Tafsiri ya Sheria: haihusu kugeuza lugha hata kidogo, inaeleza namna ya kuzielewa sheria nyingine. Na ndiyo hiyohiyo iliyorekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria!

Wazungu walianzia kwingine. Translatio ya Kilatini ni kuvusha, kuhamisha. Mifupa ya Mtakatifu Nikolao ilipotolewa Myra, Uturuki ya leo, kupelekwa Bari, Italia, mwaka 1087, Kanisa lililiita tukio hilo kwa neno hilo. Yaani maana ni kama mzigo: uupakie huku, uushushe kule, usipungue. Mimi fikra hiyo huwa inanipa shida, na mji huu una ushahidi.

Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda ilikuwa hapa hadi mwaka 2015. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya huko Rwanda, Septemba 1998, majaji walilazimika kuchambua maneno ya Kinyarwanda yaliyotumiwa na mashahidi. Inyenzi ni mende. Mkalimani akisema "mende" hajakosea, lakini asiyejua kwamba walioitwa mende ni Watutsi hajaambiwa kitu. Kwa ubakaji mashahidi walitumia maneno kadhaa. Gufata ku ngufu hata Mswahili anaisikia nguvu iliyomo. Kuryamana ni kulala kitanda kimoja au kujamiiana, kutegemea muktadha, na wakalimani waliyatoa maneno yote hayo kama ubakaji. Majaji wakayapima neno kwa neno, kwa muktadha wa ushahidi wenyewe.

Kwa hiyo ukija kwetu, tuambie unachotaka. Cheti cha kuzaliwa cha kupeleka ubalozini kinataka tarjama: karani alipokosea jina, kosa nitalivusha lilivyo, na ukininunia nitakuelewa. Mkataba wa shamba usioujua ndani unataka ufafanuzi, nao ni kazi ya mwanasheria.

Bibi yule naye, tafsiri yake ya pili haikuwa yangu kuitoa. Nilimwandikia maswali matatu, kwa Kiswahili, ya kumuuliza daktari.