F3 haikukwambia ununue sensa

"Fundi, oveni inaandika F3. Sensa nishaiagiza Dar, wewe njoo uifunge tu." Kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, fundi wa majiko ya umeme hapa Tanga anayajua maneno haya kwa moyo. Sensa mpya inafungwa, umeme unawashwa, na F3 inarudi palepale. Pesa imekwenda na keki ya oda bado ni uji.

Dhana: namba ya eror inataja kipuri kilichokufa.

Haitaji. Bodi, yaani kibao cha elektroniki kinachoiongoza oveni, haina macho ya kuiona sensa (si ile ya kuhesabu watu, ni kile kifimbo chembamba cha kupimia joto kinachochungulia ndani ya oveni, aghalabu kwenye kona ya juu ya ukuta wa nyuma). Inachojua ni ohm ngapi, yaani upinzani wa umeme kiasi gani, zimeifikia kwenye pini zake mbili. Njia ikikatika, oveni nyingi za GE huandika F3 na Frigidaire nyingi huandika F30. Kati ya kifimbo na pini hizo kuna waya, soketi ndogo na vichwa vya waya, na kwa nyumba za pwani hapo ndipo ugonjwa unapokaa. Upepo wa bahari unaleta chumvi, shaba inaota ukungu wa kijani, mkondo haupiti. Unabadilisha sensa, ukungu umeuacha.

Pima kwanza, pesa baadaye. Zima breka ya oveni, usitosheke na kitufe cha mbele, na kama ina plagi ichomoe. Fungua bati la nyuma, ifuate sensa hadi kwenye soketi yake, itenganishe, weka maltimita (mita ya kupimia umeme) kwenye 2000 ohm. Nyingi ni za aina ya 1000: zinasoma 1000 kwenye nyuzi 0 za Sentigredi na kupanda karibu ohm 3.85 kwa kila nyuzi moja. Jiko la Tanga lenye nyuzi 30 litakupa kama 1117. Hapa tena watu wanakosea: wanasoma maelekezo ya Kimarekani yanayosema 1080 hadi 1100 "kwa joto la chumbani", wanaona 1117, wanaitupa sensa nzima. Chumba chao kina nyuzi 21, chako kinatoa jasho. Baadhi ya oveni za Ulaya hutumia aina ya 500, hizo zitasoma kama 558 kwenye joto hilohilo.

Ukitaka kuhakikisha, fungua skrubu mbili za sensa, itoe, chovya ncha tu kwenye glasi ya maji yenye barafu nyingi. Isubiri dakika mbili, namba ishuke hadi jirani ya 1000. Kisha gusa waya mmoja na ganda la chuma la sensa: maltimita isisome kitu. Ikisoma, sensa imepiga shoti ndani, na hapo ndipo ununue.

Sensa ikiwa nzima, irudishe kwenye soketi yake, nenda upande wa bodi, chomoa soketi ya sensa hapo na upime tena kupitia waya wote. Kipimo hiki ndicho kinachorukwa na ndicho chenye jibu. Ukipata 1117 kwenye sensa na 1160 kwenye bodi, ohm 43 zimeongezeka njiani. Kwa hesabu ya bodi hizo ni kama nyuzi 11 za joto ambalo halipo, kwa hiyo itakata moto mapema: umeweka 180, ndani iko 169, na keki inabaki mbichi katikati wiki kadhaa kabla F3 haijatokea. Waliolaumu baking poda wajue.

Tiba yake ni kukata kichwa kilichooza, kuchuna waya hadi shaba ing'ae, kubana kichwa kipya kwa koleo lake, au kutumia kiunganishi cha kauri. Usizungushie selotepu ya umeme, inayeyuka. Usichomelee kwa risasi karibu na ukuta wa oveni, risasi ya kawaida inalainika kwenye nyuzi 183. Waya wa kuongezea uwe wenye ganda la silikoni au nyuzi za kioo. Wa plastiki wa kwenye taa hapana.

Na kama waya nao ni mzima? Kabla ya kuihukumu bodi, chukua rizista mbili (vipande vidogo vyenye ohm zisizobadilika) kwa fundi redio, ya ohm 1000 na ya 100, ziunge kwa mfululizo, zichomeke kwenye bodi mahali pa soketi ya sensa umeme ukiwa umezimwa. Rudisha bati, washa breka. F3 ikitoweka, bodi ni nzima na kosa liko nyuma yake, rudi ukapime upya huku ukitikisa waya. F3 ikibaki, hapo ndipo bodi inashtakiwa. Lakini wakati rizista zimo usibonyeze kuoka hata kwa utani: bodi itaamini ndani kuna nyuzi 26 milele, itachoma bila kukata.

Dhana: zima, washa, imepona.

Umeme wa TANESCO ukirudi kwa kishindo bodi huweza kuduwaa, na kuzima breka dakika tano ni haki yake. Mara moja. Namba ikirudi, ina sababu. Na zipo namba zisizofaa kuzimwa na kuwashwa hata kidogo: F10 ya Frigidaire na F2 ya GE nyingi zinasema joto limepita mpaka. Mara nyingine miguu ya rilei (swichi ya kwenye bodi) imeshikana, koili ya kutoa joto inaendelea kuwaka hata ukiwa umezima kwa kitufe. Oveni ikipata moto bila kuamriwa, zima breka na iache hivyo hadi rilei ipimwe. Umeme ukiwa umekatwa na waya wa koili umechomolewa, miguu yake ya kutolea moto haipaswi kusoma karibu na sifuri.

Dhana: programu imeharibika, inahitaji kupigwa upya. Hapana. E011 ya Bosch, SE ya Samsung na F11 ya Frigidaire zote zinalalamikia kitufe kilichobanwa au kilichopiga shoti. Mara nyingi kimeoshwa kwa maji ya kumwagia. Kitambaa kilichokamuliwa kinatosha, na kilicholowa kikauke siku nzima breka ikiwa imezimwa.

Dhana: inachelewa kupata moto, basi koili imechoka. Koili haichoki, hukatika. Pima volti za soketi ya ukutani oveni ikiwa inachoma: kwenye volti 180 badala ya 230, koili ya wati 2000 inatoa kama 1225 tu, na baadhi ya bodi huandika kosa kwa sababu joto halikufika kwa wakati. Koili nzima ya wati 2000 ikiwa baridi inasoma kama ohm 26. Ikisoma hivyo, ugomvi wako ni na umeme, au na ekstensheni nyembamba uliyoipitisha chini ya zulia.

Dhana: 0.00 au AUTO inayopepesa ni eror. Ni saa. Umeme ulikatika, na oveni nyingi za Ulaya hazichomi hadi upange muda au ubonyeze alama ya mkono. Ukiona alama ya ufunguo, hiyo ni kufuli ya watoto: bonyeza kitufe chake kama sekunde nne. Ikiwaka taa na feni bila joto lolote, tazama kama haikuachwa kwenye hali ya maonyesho ya dukani.