Kabla Hujafagia Uwanja: Mabaki ya Kimbunga na Njia ya Kupata Msaada

Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya kusini mwa Tanzania tarehe 4 Mei 2024 kilikuwa kimeanza kupungua nguvu. Hata hivyo mvua yake iliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na wasafiri wakakwama pande zote mbili. Wengi wetu tulizoea kuona vimbunga kuwa balaa la Msumbiji na Madagaska, ingawa Zanzibar ilipigwa mwaka 1872 na Lindi mwaka 1952. Sasa tumeshaonja. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa tunazisikia redioni, lakini kinachofuata upepo ukitulia hakizungumzwi vya kutosha, na hapo ndipo familia nyingi hupoteza msaada na wengine afya zao.

Ombi langu la kwanza ni gumu kwa watu wanaopenda usafi: usishike ufagio mara moja. Bati lililong'oka, ukuta ulioanguka, gunia la mahindi lililoloa, vyote hivyo ni ushahidi wa hasara yako. Ukishaviondoa, timu ya tathmini itakuta uwanja mweupe na itabaki na maneno yako tu. Piga picha kwa simu, ya nyumba nzima kwanza, kisha chumba kwa chumba, na ikiwezekana jirani au mjumbe aonekane pichani. Huna simu yenye kamera? Mwite mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa aje aone kwa macho yake, aandike. Kisha ndiyo usafishe.

Nani anasafisha nini? Uwanja wako ni wako. Mti ulioziba barabara ya kijiji au ya mtaa ni suala la TARURA, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Taka zilizokusanywa hadharani ni jukumu la halmashauri. Magari yake ni machache na siku hizo yanahitajika kila mahali, kwa hiyo lundo lililochambuliwa na kuwekwa mahali ambapo gari linafika huondolewa upesi kuliko lililochanganywa. Weka mabati na vyuma peke yake, mbao na matawi peke yake, vyakula vilivyoharibika mbali na watoto na mifugo. Usisukumie kitu mtaroni, hata tawi dogo, maana mvua ya pili ikikuta mtaro umeziba maji yatarudi sebuleni. Wala usitupe kwenye mikoko. Ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye nyumba zetu.

Waya wa umeme uliolala chini uchukulie kuwa una umeme, hata kama mtaa mzima una giza. Zuia watu wasipite, toa taarifa TANESCO, na kama kuna mtu amenaswa au moto umeanza piga 114 kwa Zimamoto. Majengo ya zamani, yakiwemo baadhi ya majengo ya umma, yana paa za asbesto, zile za kijivu zenye mawimbi ambazo si chuma. Zikivunjika vumbi lake huingia mapafuni na madhara huonekana baada ya miaka mingi. Zimwagie maji, usizikate, usizifagie zikiwa kavu, mwite bwana afya. Vaa viatu vigumu, kwa kuwa misumari huleta pepopunda, na makuti yaliyorundikana usiyainue kwa mikono mitupu. Nyoka naye amekimbia maji.

Kwa mkoa wa Lindi nina wasiwasi wa ziada. Mwaka 2022 homa ya mgunda iliua watu Ruangwa. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia mwilini kupitia michubuko na macho mtu anapokanyaga au kunawa maji machafu. Anayechota matope akiwa na kidonda mguuni akifunge kwanza na avae buti. Akipata homa, maumivu ya misuli au macho kuwa mekundu, aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba alikuwa kwenye maji ya mafuriko. Hilo neno moja humsaidia daktari asiishie kwenye malaria. Maji ya kunywa chemsha au tia dawa, hata kama kisima kinaonekana safi.

Kisha kuna minazi. Kwa watu wa kisiwa cha Mafia mnazi ni ada ya shule na ni nyumba. Gogo lililoachwa lioze shambani huwa mahali pa kuzaliana chonga, mdudu mharibifu wa minazi, na mdudu huyo akikomaa hutoboa vichwa vya minazi iliyosalimika. Hivyo kimbunga cha siku moja kinaweza kuendelea kula shamba mwaka mzima baadaye. Pasua mbao mapema, kwani mnazi mkavu ni mbao nzuri ya kuezekea, na kisichofaa kipasuliwe na kuchomwa kwa uangalifu au kufukiwa kabisa. Afisa kilimo wa kata aelezwe idadi ya minazi na mikorosho iliyoanguka, maana nayo ni hasara ya kuandikwa.

Sasa msaada. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia kijiji au mtaa, kata, wilaya inayoongozwa na Mkuu wa Wilaya, mkoa, hadi taifa. Taarifa yako hupanda kwa ngazi hizo, na isipoanzia chini haifiki juu. Niseme wazi: msaada wa maafa si fidia. Waathirika wa maporomoko ya Hanang ya Desemba 2023 walijengewa nyumba na Serikali, ilhali baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016 wananchi waliambiwa Serikali haitamjengea kila mtu. Usikae ukisubiri nyumba. Jiandikishe, na papo hapo anza kuziba paa lako.

Wanaosahaulika kwenye orodha nawajua: mpangaji ambaye mwenye nyumba ameandikwa na yeye hakuandikwa, mjane anayeishi kwa shemeji, mvuvi aliye dago (kambi ya uvuvi mbali na kwao), mtu mwenye ulemavu asiyeweza kufika ofisini. Mpangaji amepoteza godoro na akiba ya chakula, naye aandikwe kwa jina lake. Aliyepoteza kitambulisho asirudishwe nyumbani. Mwenyekiti anamfahamu, na taarifa ya upotevu inaweza kutolewa polisi baadaye ili NIDA (kwa vitambulisho vya taifa) na RITA (kwa vyeti vya kuzaliwa) washughulikie nyaraka mpya.

Ombeni orodha ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji au isomwe mkutanoni kabla haijapelekwa wilayani. Asiyejiona hapo aende kwa mtendaji siku hiyo hiyo na picha zake.